Weusi wa Mswada

Wiki iliyopita shangazi alifungua sanduku lake kule Kibokoni, akanitolea shairi ambalo Bibi, mamake, alimtungia alipoolewa. "Huu ndio mswada wa mamangu," alisema kwa fahari. Karatasi ilikuwa safi, haina doa, na mwandiko ulikuwa wangu wa utotoni.

Alasiri tulipoliandika, miaka hiyo ya utoto wangu, nyumba ilinukia udi. Macho ya Bibi yalikuwa yameanza kuchoka, kwa hiyo yeye alitunga nami nikaandika. Kila nilipomaliza ubeti kwa mwandiko wangu mzuri, alisema, "Kata hapo. Sivyo."

"Bibi, waniharibia karatasi!" Nilikuwa karibu kulia.

"Huo ni mswada, mwanangu. Neno lenyewe latoka Kiarabu, maana yake kilichotiwa weusi. Karatasi nyeupe bado haijafikiriwa. Haya, tia weusi."

Nilidhani ananibembeleza tu. Tulipokwisha kunakili upya, alitumia ile karatasi iliyojaa wino kuwashia jiko, nami nikafurahi kuiona ikiungua.

Nilimweleza shangazi kwamba mswada hasa ni ule ulioungua. Hii ni nakala yake. Aliweka kidole kwenye ubeti wenye jina lake.

"Si wewe uliyeandika? Hapa kwanza alisema nini juu yangu?"

Nakumbuka kalamu ikikwaruza pale, na Bibi akijipangusa macho, nikadhani ni moshi wa udi. Maneno yenyewe nimeyatafuta wiki nzima, siyapati.