Kanga za Marehemu Kwenye Mizani ya Korosho

Arobaini ya mke wangu ilipokaribia, droo yake ya kanga iligoma kufunguka. Dada yake mkubwa alikuwa amekuja kutoka Chilangala ili azigawe kwa wanawake wa ukoo, kama ilivyo desturi. Mimi nilitaka nibakiziwe moja tu, ile ya kahawia aliyokuwa akijifunga jikoni. Sikujua mwanamume anaombaje kitu kama hicho, nikaenda kumwita fundi seremala.

Fundi alibandua ubao wa nyuma wa kabati, akazitoa kanga zote, akazitia kwenye gunia la korosho. Akasema njia za mbao ambazo droo hupitia zimevimba, nikanunue reli za chuma.

Shemeji alinifuata hadi dukani, Masasi mjini. Muuzaji akatuonyesha reli za magurudumu na nyingine za gololi.

"Droo itabeba nini, mzee?"

"Kanga."

"Kilo ngapi?"

Nikamtazama shemeji. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kujiuliza mke wangu ana kilo ngapi za kanga.

"Twende tukapime," akasema.

Jirani yetu hununua korosho. Alilitundika gunia kwenye mizani, kisha kwa mazoea akaingiza mkono ndani, akapapasa.

"Zimekauka vizuri," akasema. "Daraja la kwanza. Sasa nakata uzito wa gunia."

"Usikate zaidi!" shemeji akamkemea. "Mmezoea kutupunja!"

"Mama, mimi sinunui! Hizi ni za marehemu!"

"Na marehemu asipunjwe!"

Wanawake waliokuja kutupa pole walicheka hadi wakajifuta machozi. Nami nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kutazama kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Tulinunua za gololi, zile za mzigo mzito. Shemeji alikataa nyingine.

Siku ya arobaini kanga ziligawiwa, gunia likabaki tupu. Ya kahawia ilibaki mwisho, mkononi mwa shemeji. Akaivuta droo aone fundi alivyofanya kazi. Ikachomoka kwa kasi, ikampiga tumboni. Akaiangalia ilivyo tupu, akaniangalia mimi.

"Shemeji, reli zote hizi zibebe hewa? Watu watatucheka."

Akaikunja ile kanga, akaiweka ndani, akaisukuma droo kwa kidole.

Nikasema ahsante. Akaniuliza ahsante ya nini, akaenda kuosha masufuria.