Kitaa cha Kijani

Zamani mwelekezi wa kreni alishika bendera mbili na filimbi, na watu wakasimama barabarani kumtazama kwa heshima. Leo anakabidhiwa kitaa cha leza kisichozidi ukubwa wa kalamu, nacho kinampeleka jela.

Walimwita Bendera hata baada ya msimamizi kuzitupa bendera zake jalalani. Kazi yake ilikuwa kusimama ukingoni mwa ghorofa linalojengwa na kumwonyesha dereva wa kreni pa kutua mzigo. Dereva alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, na kazi hiyo alitafutiwa na Bendera mwenyewe.

Siku ya maandamano waliamriwa kusimamisha kazi tangu asubuhi. Shemeji akasema anamalizia mzigo mmoja tu. Nondo zilikuwa zikining'inia juu ya uzio pale mawe yalipoanza kuruka barabarani, askari wakarudi nyuma na kujipanga chini ya nondo hizo. Bendera akapuliza filimbi. Nani angeisikia katika vishindo vile? Basi akamulika kwa kile kitaa kofia za askari, moja baada ya nyingine, shemeji aone kwamba chini kuna vichwa. Shemeji akaona, akazirudisha nondo ndani. Askari nao wakaona: kitone cha kijani usoni mwa mwenzao. Shukrani ya punda mateke. Wakapanda ghorofani, wakamshusha Bendera kwa mkanda wa suruali.

Kummulika askari kwa leza wakati wa ghasia ni miaka miwili, na sheria haiulizi jicho la nani limeumia. Wakili wake alimwambia umebaki mlango mmoja: dereva aje aeleze taa ile ilikuwa ya nini.

Akawa nje kwa dhamana, lakini hakukalika. Alimimina chai akaiacha ipoe. Alikwenda kwa mdogo wake, akafika mlangoni, akageuka, akaenda tena. Shemeji alimkaribisha vizuri, akamtania kwamba kikosi kizima kimemwogopa mzee mwenye goti bovu. Ilipofika habari ya ushahidi, utani ukakauka.

"Shemeji, nikisema nilitundika nondo juu ya vichwa vya askari, leseni yangu ndiyo basi. Utatoka wewe, niingie mimi."

"Nilikuwa nakuzuia usiue mtu."

"Najua."

Mdogo wake alikuwa akikunja nguo. Hakuinua uso.

"Atakuja, kaka. Nitamleta mwenyewe."

Akamleta kweli, kwa shati lililopigwa pasi. Shemeji akaapa, kisha akasema siku ile alikuwa ameshashuka kwenye kreni. Kama kulikuwa na taa, yeye hakuiona. Hakimu akamuuliza tena. Akarudia vilevile, bila kukwama. Kuna wakati mtu alishindwa kumdanganya shemeji yake hata kwa jambo la mchezo. Sasa uongo unaletewa kiapo na maji ya kunywa.

Bendera alifungwa miaka yote miwili. Kabla hajatoka, wale wawili walikuwa wamehama mji, hawakuacha hata salamu.

Mara ya mwisho aliwaona siku ya hukumu, kupitia wavu wa gari la wafungwa, nje ya mahakama. Shemeji alivuka barabara upesi, hakutazama nyuma. Mdogo wake akasimama katikati, magari yakimpigia honi, akilitazama lile gari. Mumewe akarudi, akamshika mkono, naye akamfuata.