Mufuaji wa Jezi za Shule

Watu wananiambia mushahara ni mushahara, mama, kula unyamaze. Aka! Mimi siwezi kunyamaza.

Muji wetu ulikuwa bado unaitwa Albertville, uhuru ulikuwa mupya, na Wazungu wa shule ya walimu walikuwa wamekimbia, pamoja na yule aliyefundisha wanafunzi mupira. Prefe mupya, mukuu wa shule, akamufuata bwana wangu kazini kwake kwenye reli. Akamuambia: "Papa, acha reli, ufundishe timu yangu. Nitakutia kwenye orodha ya mushahara ya serikali." Bwana wangu alipenda mupira kuliko chakula. Akaacha reli bila hata kuniuliza.

Miezi ikapita, jina lake halionekani. Eti hana diploma! Kumbe kwenye nafasi ya mwalimu wa michezo prefe alikwisha kuandika shemeji yake, muntu wa diploma na tumbo, ambaye sikumuona uwanjani hata siku moja. Kila mwanafunzi alilipa minerval, ile karo ya shule, na ndani yake mulikuwa faranga za mupira. Zilikwenda wapi? Muulizeni prefe. Mimi najua zangu tu. Nilikuwa nauza ndakala, samaki wadogo wa kukauka, sokoni, na kila siku ya mechi wachezaji kumi na mumoja walikula ugali kwangu, sufuria moja, maana bwana wangu alisema wanaokula pamoja hawanyimani mupira. Jezi nilifua mimi. Sabuni nilinunua mimi.

Nikachoka. Timu ya Nyunzu ilipokuja na treni, asubuhi ya mechi nilitia jezi zote kwenye beseni, nikajitwika, moja kwa moja hadi biro, ofisi ya prefe. Nikakaa mulangoni, beseni mapajani.

"Mama, lete jezi, wageni wamefika," akasema.

"Andika kwanza bwana wangu. Bila hivyo watacheza vifua wazi!"

Bwana wangu akaja mbio. "Mama, unaniaibisha!"

"Nyamaza wee! Aibu ni kula jasho la muke miezi yote hii!" Nilipiga kelele hadi wanafunzi wakajaa dirishani, na sikuona haya.

Prefe akaangalia beseni, akacheka. Akachukua kalamu. "Kwenye orodha kuna nafasi moja bado, na haitaki diploma." Akaandika, akatugeuzia karatasi: bwana wangu, mufuaji wa nguo za shule.

Nilitaka kuichana ile karatasi. Bwana wangu akanishika mukono. Nyumbani tulikuwa na watoto watano na unga wa siku mbili. Akatia sahihi polepole, akachukua jezi, akaenda uwanjani. Tulishinda mabao mawili kwa moja, na shemeji wa prefe akapigwa picha katikati ya timu.

Hasira nyingine ni juu yangu mwenyewe. Mimi njo nilimupelekea prefe wazo lile, kwa miguu yangu.

Mwisho wa mwezi nikamusindikiza kuchukua mushahara. Walimu walijipanga barazani, kila anayeitwa anajibu "prezan," yaani nipo, na wachezaji wake walikuwa wanatazama kutoka darasani. Karani akaita: "Mwalimu wa michezo!" Shemeji akasogea, akahesabu zake, akaondoka. Karani akaita tena: "Mufuaji!"

Bwana wangu akasimama wima mbele ya vijana wake, akajibu: "Prezan."