Sweta langu na andiko letu la kliniki

Leo nimeumbuliwa na andiko langu mwenyewe.

Mliowahi kuficha ujauzito, sogeeni hapa.

Asubuhi nilikaa na dada Nestoria, muuguzi niliyefanya naye utafiti. Tulikuwa tunapitia andiko letu kabla ya kulituma kwenye jarida. Linaeleza kwa nini akina mama wa huku Mpanda wanachelewa kuanza kliniki.

Nikasoma kwa sauti: sababu kubwa ni ukosefu wa elimu.

Nestoria alikuwa anaangalia sweta langu. Na nyie mnalijua jua la hapa.

"Mdogo wangu," akasema taratibu, "wewe kliniki umeanza lini?"

Digrii ninayo. Kliniki nilikuwa sijaanza.

"Naogopa macho ya watu, dada. Mimba bado changa."

"Haya. Sasa soma walichosema wenyewe."

Tukafungua mahojiano. Huyu anaogopa macho ya watu, yule vilevile. Hiyo elimu tuliichomeka sisi.

Tukaifuta ile sentensi. Jarida lisubiri kidogo.

(Mama mkwe, najua unasoma hapa. Shikamoo. Nilikuwa nakuja kukwambia.)

Nikaenda kliniki, sweta mwilini. Kwenye benchi mama mmoja wa Ilembo tuliyemhoji akanitambua.

"Sista, umerudi kutuuliza maswali?"

"Hapana, mama. Leo nimekuja kama wewe."

Akanitazama, akasogea kunipa nafasi.

"Basi vua sweta, ukae."