Upande wa Pili wa Kanda ya Zuhura

Nitawaeleza, lakini kwanza mniahidi hamtanitazama miguuni, maana kila anayekisikia kisa hiki hunitazama miguuni, na mimi hadi leo nikipita uchochoroni nikaona buibui limeanikwa kambani masikio yangu hupata moto. Aibu hii niliipata miaka ya tisini, nyumbani kwetu Mji wa Kale, mbele ya wanawake wa koo mbili, na wala sikusukumwa na mtu, nilijitia mwenyewe.

Siku hizo nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la kanda pale Ndia Kuu. Chini tuliuza kanda, na juu kulikuwa na chumba kidogo cha kurekodia, waimbaji wa taarabu wakija kuimba nyimbo za harusi zilizoagizwa, na mimi ndiye niliyekaa kwenye mitambo. Taarabu niliiheshimu (sikuwa na budi, ndiyo iliyokuwa ikinilisha), ila moyo wangu ulikuwa kwenye hevi metali, yale magitaa yanayokwaruza na mwimbaji anayenguruma, na aliyenitia ugonjwa huo ni Mwakio, Mtaita mmoja mrefu aliyekuwa akifanya kazi bandarini na kukaa Likoni, ambaye mabaharia walikuwa wakimpa kanda hizo. Tukaunda bendi. Mwakio alipiga gitaa na kunguruma, binamu yake alipiga ngoma, mimi besi. Wimbo wetu wa kwanza Mwakio aliutunga akiwa kwenye foleni ya Feri, pale tunapovukia maji kwenda Likoni, na kiitikio chake kilikuwa maneno yale yale ambayo watu hupigiwa kelele langoni pantoni ikishajaa: “Imejaa! Rudi nyuma! Rudi nyumaaa!”

Kurekodi tulirekodi, bado masta. Masta ndiyo kanda mama, ile ambayo nyingine zote hunakiliwa kutoka kwake, na kabla wimbo haujaingia humo lazima usafishwe na upigwe pasi, sauti nzito na nyembamba zikae mahali pake, na wimbo wote uwe na nguvu. Hakuna aliyenifundisha. Nilichofanya ni kuweka kanda ya Wazungu kwenye deki moja na yetu kwenye deki la pili, nikawa nasikiliza hii, nageukia hii.

“Mbona sisi twasikika kama tumefungiwa ndani ya kabati?” Mwakio akaniuliza.

Basi nikapandisha sauti nyembamba tukatoka kabatini, lakini matoazi yakaanza kukata masikio kama mtu anakwangua sufuria, nikayashusha kidogo. Nikaona besi inaimeza ngoma kubwa, nikaipunguza besi (na besi ni mimi, mjue niliumia). Kisha nikafika kwenye nguvu, na hapo ndipo kila anayejifunza kutengeneza masta ya hevi metali huingia wazimu, maana ule mshale wa kupimia sauti unatakiwa uguse wekundu na kurudi, uguse na kurudi, nami wangu nikaulaza wekunduni moja kwa moja. Mwakio akaniambia niondoe hata ule ukimya wa mwanzoni, wimbo uanze papo hapo, msikilizaji asipate nafasi ya kuvuta pumzi. Nikauondoa.

Sasa, wiki hiyo hiyo dada yangu Zuhura alikuwa anaolewa, na bwana arusi alikuwa mtu wa Likoni. Mama yake bwana arusi, Bi Mwanakombo, alikuwa ameshasema waziwazi kwamba sisi watu wa Mji wa Kale tuna maringo na tunawaona watu wa ng'ambo si lolote, na posa ilikuwa imepita kwa tabu. Kwa hiyo Zuhura hakuniomba zawadi ila moja. Usiku wa kupambwa, wakati wa kutolewa chumbani na kupelekwa jukwaani, alitaka atoke kwa wimbo wake mwenyewe wenye jina lake, niurekodi mimi.

“Na usikike vizuri, Mbarak,” akaniambia. “Wasije watu wa Likoni wakapata la kusema.”

Tajiri wangu, mwenye duka, akanipa kanda moja ya kromu, zile nzuri za bei, kwa ajili ya bi arusi. Nikaurekodi wimbo wa Zuhura upande wa kwanza, nikaurudia tena na tena mpaka upande ukajaa, nikajua utatosha hata kama bibi arusi angetembea kutoka Ndia Kuu mpaka Feri. Upande wa pili ukabaki mtupu. Na Mwakio alikuwa ananisumbua kwamba masta ya hevi metali haiwekwi kwenye kanda ya ovyo ovyo, inataka kromu. Nikaitazama ile kanda, nikajiambia kuacha upande mzima bure ni israfu, na israfu ni dhambi (mnaona shetani anavyonijia, anakuja na dini kabisa). Nikautia wimbo wetu mle. Nitaunakili harusi ikiisha, nikasema, nani atajua.

Usiku wa kupambwa nilibeba deki la dukani nikalifunga ukumbini kwetu kabla wanawake hawajaja, pamoja na spika mbili zinazonifika kifuani. Shughuli hiyo ni ya wanawake watupu, wanavua mabuibui mlangoni na kukaa ndani na nguo zao na dhahabu zao, na mwanamume hakanyagi hata awe nani. Kwa hiyo deki nilimkabidhi Shangazi Rukia, dada yake baba, mwanamke asiyetania. Nikamwonyesha kitufe kimoja.

“Bi arusi akitoka chumbani, bonyeza hiki, basi. Usiguse kingine, Shangazi. Sauti nimezipima zote, hata nyumba ikiungua usiguse.”

“Sigusi,” akasema.

Nikatoka nikakaa barazani na wanaume, nikanywa kahawa. Wimbo ukaanza, jina la dada yangu likatoka dirishani safi kabisa, vigelegele vikafuata, baba akanitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikajiona mtu. Lakini kuna jambo nililosahau, nami nimekulia katika harusi hizi tangu nabebwa. Bi arusi haendi. Anapiga hatua, anasimama, anakuja huyu anamtunza, anachomekewa noti kwenye shela, anakuja yule, picha inapigwa, mwingine anataka apigwe naye tena kwa sababu ya kwanza alikuwa amefumba macho. Wimbo ukaisha ukarudi, ukaisha ukarudi, na Zuhura hajafika hata katikati ya ukumbi. Jambo la pili nililosahau ni kwamba deki lile lilikuwa la kisasa, upande mmoja ukiisha linajigeuza lenyewe.

Nikasikia *tak*. Kisha gitaa la Mwakio likaingia bila salamu, spika zote mbili, mshale wekunduni, kikombe cha kahawa kikatetemeka mkononi mwa baba, na sauti ya Mwakio ikafunika mtaa mzima. Imejaa! Rudi nyuma! Rudi nyumaaa!

Nikakimbilia mlangoni nikaita, “Shangazi, zima!” Nani anisikie? Kazi ya masta niliifanya vizuri kuliko nilivyodhani. Nikachungulia upenyo wa pazia kwa jicho moja. Wanawake wameziba masikio, wengine wanamfokea Shangazi Rukia azime, naye amesimama mbele ya deki na mikono ameitanua, anawapigia kelele, “Mwenyewe kasema nisiguse! Sigusi mimi!” Nyanya, aliyekuwa mbele na upepeo wake, anauliza, “Huyo akohoaye hivyo yuna nini? Mpeni mai maskini.” Na Bi Mwanakombo ameshainuka pamoja na ujumbe wake wote wa Likoni, watu waliokwama Feri mchana kutwa wakija kwetu, nikasoma midomo yake bila shida yoyote: “Sisi twaambiwa turudi nyuma?”

Katikati ya yote hayo alisimama dada yangu, macho chini, uso haukutikisika. Bi arusi wa kwetu hacheki wala hainui macho, na Zuhura alikuwa amejizoeza uso ule mbele ya kioo. Nikaliona chozi linamteremka. Hapo akili ikanihama. Nikanyakua buibui la juu kwenye lile rundo la mlangoni, nikajifunika gubigubi, nikaingia.

Buibui lilikuwa la Nyanya. Nyanya alinifika kwapani. Kwa hiyo lilinikomea chini kidogo ya magoti, na kutoka hapo kwenda chini palikuwa na suruali ya jinzi na mabuti ya bandarini yenye chuma kidoleni, ambayo Mwakio alinipa kwa sababu mpiga besi wa hevi metali havai champali. Nikapita katikati ya akina mama nikijaribu kutembea kwa madaha. Wachache wakanipisha, mmoja hata akaniamkia shikamoo. Nikakaribia deki, na nilipokuwa nampita dada yangu nikakanyaga mkia wa shela lake, nikateleza, nikashika nilichokipata, na nilichokipata kilikuwa waya wa umeme, ukang'oka ukutani. Deki likafa. Ukumbi mzima ukanyamaza ghafla, nami nilikuwa bado katikati ya sentensi, kwa sauti ile ile niliyotumia barazani:

“Zima, Shangazi, zima kabisa!”

Kisha mtu akasema, taratibu, “Ni mwanamume.”

Sitaki kueleza sana. Kanga ziliruka, kila mtu anatafuta cha kujifunika, waliokosa wakajitupa chini ya vitambaa vya meza, na Nyanya akaanza kunipiga kichwani kwa upepeo, si kwa sababu nimeingia, kwa sababu nimevaa buibui lake jipya. Nimelala kifudifudi, macho nimeyafumba kwa adabu, buibui limepanda, mabuti yako hewani. Bi Mwanakombo akaja akasimama juu yangu.

“Na huyu ni nani?” akauliza.

Nikasikia sauti ya ajabu, nikadhani Zuhura analia, nikatamani sakafu inimeze. Hakuwa analia. Alikuwa ameona mabuti. Alijaribu kujizuia, akabana midomo, mabega yakamtikisika, na mwisho bi arusi wetu, mbele ya wakwe zake, akacheka kicheko kile chake cha puani, kile ambacho mama amemkataza tangu utotoni, akacheka mpaka wanja ukamtiririka na noti za watu zikamdondoka shelani.

“Ni ndugu yangu, mama,” akasema alipopata pumzi. “Hana nia mbaya. Hana akili tu.”

Bi Mwanakombo akamtazama mkwewe. Mimi nilifungua jicho moja, nikaona uso wake unapigana na nafsi yake, kisha ukashindwa.

“Mwanangu naye hucheka vivyo hivyo,” akasema. “Basi wataelewana.” Akaketi, na ujumbe wote wa Likoni ukaketi.

Deki halikuwaka tena. Wanawake wakamwimbia Zuhura wenyewe, kwa midomo na makofi, mpaka akafika jukwaani, na walioimba kwa nguvu zaidi walikuwa wa Likoni. Mimi nilitolewa kinyumenyume nimefunikwa mkeka.

Tajiri aliniondoa kwenye mitambo akaniweka chini kuuza kanda, kwa muda mrefu kidogo. Tangu siku ile upande wa pili wa kanda yoyote inayotoka mkononi mwangu huwa mtupu, hata iwe ya kromu, na israfu nitaijibu mbele ya Mungu. Metali sijaiacha, ila mshale naugusisha tu wekundu na kuurudisha. Na kila Idi nikivuka kwenda kumsalimu dada yangu, nikibisha hodi, Bi Mwanakombo hufungua mlango nusu, huniangalia miguu kwanza, kisha hunguruma kwa sauti nzito ambayo Mwakio mwenyewe hajawahi kuifikia: “Imejaa! Rudi nyuma!” Nami, shahidi ni Zuhura, hurudi hatua moja.