Mtoto Aliyeogopa Kiswahili

Binti yangu Khainza sikumzaa. Alitoka kwenye makao ya watoto Mbale mwaka wa sabini na sita, akiwa na miaka kama minne, wakati ambapo sisi wa Mafubira, kwa hofu ya askari, tulifunga milango kabla jua halijazama. Mpaka leo nashangaa kwamba katika nchi ile ile watu walimochukuliwa na askari wasirudi, ilikuwepo ofisi ndogo ya serikali na mama mmoja, Margret, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatafutia watoto wazazi.

Margret alitupa sharti moja, mimi na mume wangu Joash. Tukae na mtoto kwanza, naye atakuja kutazama. Akimwona ametuzoea, tutakwenda mbele ya hakimu awe wetu. Akiona sivyo, atamrudisha Mbale.

"Haongei," alituambia. "Lakini anasikia."

Mimi ni Mjaluo, Joash ni Mnyore, wote wa Kenya, tulioletwa ng'ambo hii ya mpaka na kazi yake ya reli. Nyumbani tunaongea Kiswahili. Ndicho alichonichumbia nacho. Basi siku ya kwanza Joash, kwa ile sauti yake nene ya watu wa reli, alimwita kwa upendo: "Njoo, binti, njoo ukae na baba!"

Mtoto akalala kifudifudi sakafuni, mikono kichwani.

Tukajaribu kwa uji, tukajaribu kwa ndizi. Kila tukimsemesha, alilala vile vile. Nikisikia gari lolote njiani, nilidhani ni Margret amekuja kumchukua.

Jirani yetu Nafuna, mwuza ndizi aliyezaliwa huko milimani juu ya Mbale, aliingia akayaona.

"Orpah, weye! Unamwita mtoto kama askari wa barabarani! Hapa Kiswahili ni cha bunduki. Hao waliowachukua watu wake, unadhani waliongea Kigisu cha kwetu?"

Nilikaa chini. Maneno yale yale niliyoposwa nayo!

Nafuna akanifundisha ya kwao: njoo, kula, lala, usiogope. Niliyatamka vibaya mpaka akashika ukuta kwa kicheko. "Mama, hata mbuzi wetu wasingekuelewa!" Lakini Khainza alinitazama sana, akasogea, akakaa karibu na goti langu. Alikaa tu, nami sikuthubutu hata kukohoa.

Tangu siku ile, mimi na Joash Kiswahili chetu tulikiongea chinichini, mtoto akiwa amelala. Au tulidhani amelala.

Margret alikuja, akamtazama, akaridhika nusu. "Amenenepa. Lakini hakimu atataka kujua kama mtoto anawajua ninyi ni nani wake. Hilo siwezi kumjibia." Akatupakia kwenye gari la ofisi, tukaondoka kwenda Mbale kwa hakimu.

Kabla ya Tororo tukasimamishwa penye kizuizi. Askari aliingiza kichwa dirishani. Akanitazama mimi, mrefu, mweusi tii. Akamtazama mtoto, mdogo, maji ya kunde.

"Hii mutoto ya nani? Wewe naiba?"

Nikajikunyata kitini. Margret akaanza, "Afande, mimi ni wa ofisi ya watoto..."

"Nyamaza! Mimi nauliza hii." Akamnyooshea Khainza kidole.

Nilijua atajitupa chini. Nikatanguliza mikono nimdake.

Khainza alisimama juu ya kiti. Sauti yake, ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia, ilitoka kwa Kiswahili cha nyumbani kwetu, na matamshi yote ya Joash:

"Huyu ni mama yangu, afande. Anaogopa. Usimpigie kelele."

Askari alimtazama, akatutazama, akatoa kichwa chake nje. Akapiga bati la gari kwa kiganja.

"Haya. Kwenda."

Joash aligeuza uso dirishani, mabega yakimtikisika. Mlima ulipotokea mbele yetu, Margret alitugeukia.

"Hakimu akiuliza," alisema polepole, "nitamwambia nilichosikia."

Na ndivyo alivyomwambia, na mtoto akawa wetu.

Lakini mimi nakumbuka zaidi ule mkono nilioushika njiani. Ulitetemeka kutoka kizuizini mpaka mlangoni kwa hakimu. Aliogopa kuliko mimi, mtoto yule, na alisimama.