Ndiva Iliyofungwa Kufuli

Hasira yangu na kufuli lile haijapoa, wala sina mpango wa kuipoza.

Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo, huku kwetu milimani, njia ya kwenda Mamba. Usiku linajaa maji ya kijito. Asubuhi linafunguliwa, maji yanateremka kwa mifereji hadi mashambani, kila familia kwa zamu yake. Letu walilichimba mababu. Mama yangu amelima tangawizi chini yake tangu aolewe.

Mwaka juzi serikali ya kijiji ikaamua ndiva ihifadhiwe kama eneo la kihistoria. Hapo sina ugomvi. Watu walikuwa wameanza kung'oa mawe yake wakajengee misingi ya nyumba, na ilikuwa lazima wakomeshwe. Ugomvi wangu ni jinsi kazi yenyewe ilivyofanywa.

Walipiga baragumu. Kwetu baragumu likilia alfajiri ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima: unachukua jembe unatoka. Kuuliza ni kazi gani kunaonekana uvivu, kwa hiyo hatuulizi. Tukatoka wote. Tukachimba mashimo, tukasimamisha nguzo, tukavuta seng'enge, tukasiliba kingo kwa saruji. Tena tuliimba! Jioni mwenyekiti wa kijiji akatushukuru, akafunga geti kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni. Sijui kama kuna wajinga wengine duniani waliowahi kujifungia maji yao wenyewe huku wanaimba.

Kesho yake mama alikwenda kwenye zamu yake, akakuta bango: HAIRUHUSIWI KUGUSA. Nilimfuata mwenyekiti ofisini nikiwa nimefura.

"Shikamoo, mwenyekiti. Ndiva inafunguliwa saa ngapi?"

"Marahaba. Ile sasa ni kumbukumbu, mwanangu. Mkiifungua kila siku kingo zitaliwa."

"Kingo zinaliwa kila mwaka na tunazikandika kila mwaka. Ndiyo maana zipo mpaka leo!"

"Punguza jazba. Lete hoja yako mkutanoni."

Nikangoja mkutano. Ukaahirishwa, ukaahirishwa tena. Huku nyuma tope likajaa ndani kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kulizoa, saruji ikapasuka kama kisigino cha kiangazi, maji yakawa yanavujia chini. Waliokabidhiwa historia yetu walikuwa wanaiua, na nililisema hilo kwa sauti dukani, kanisani, kwenye kijiwe cha bodaboda, mpaka watu wakaanza kunikwepa njiani. Wanikwepe tu. Tangawizi ya mama iligeuka manjano kabla vidole havijanenepa. Alikuwa akiingia shambani asubuhi, anasimama, anarudi nyumbani na jembe safi.

Kisha wakaja wageni na kamera zao. Mwenyekiti akatuma mtu amwite mama, kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki anayeweza kuieleza ndiva vizuri. Mimi nilimkataza. Yeye akasema mgeni hakatazwi salamu, akajifunga khanga safi, nikamsindikiza.

Binti mmoja miongoni mwa wageni, mpole kabisa, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi. Hebu tueleze, zamani watu walikuwa wanaitumiaje hii?"

"Marahaba. Zamani gani, mjukuu wangu?" mama akasema. "Mwaka juzi tu nilikuwa nakula hapa."

Mwenyekiti akacheka kwa nguvu. Wageni nao wakacheka, wakamsogeza mama mbele ya geti wampige picha.